Jogoo Aliyenyimwa Dhamana

Sogea hapa karibu na mafiga, nikutegee.

Watu wawili wanapanda mlima. Mmoja ana gunia kichwani, mwenzake mikono mitupu. Kila wanapopita, watu wanamkamata yule wa mikono mitupu na kumfokea: "Tua mzigo tuuone!" Ni akina nani hao?

Usiseme mtu na punda, nimesema watu wawili. Usiseme mume na mke pia, ingawa hapo umenichekesha. Umeshindwa? Basi nipe mji. Lushoto siutaki, una baridi na magoti yangu nayajua mwenyewe. Nipe Mazinde, kule chini, nikaote jua. Ahsante. Nimeichukua Mazinde na wakazi wake wote, lakini jibu sikupi. Nakupa kisa, jibu utaliokota humo humo njiani.

* * *

Asubuhi ya Jumatatu, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya chai, nyumbani kwa Rubeni aliwika jogoo.

Hakuwika kama majogoo wengine. Alianza kwa kishindo, akapanda, akapanda tena, halafu katikati akakohoa, kama mwimbaji aliyesahau ubeti. Ng'ambo ya bonde, Kristian mwenye duka alikuwa amelala chali ameshika mshono wa ngiri yake, maana alikuwa ametoka kupasuliwa. Aliposikia kile kikohozi akakaa kitako.

"Secilia! Huyo ni Meja!"

Mkewe alikuwa jikoni anapuliza moto. "Meja gani, baba?"

"Kwani mimi nina Meja wangapi? Jogoo wangu! Nimerudi kutoka hospitali nikakuta banda tupu, nikasema basi, kaliwa na kicheche. Kumbe kicheche mwenyewe ni Rubeni, anaimba besi kanisani!"

"Usikasirike, baba. Daktari amesema usikasirike mpaka mshono upone."

"Nani kakasirika?" Kristian alipiga kelele mpaka mbuzi wa jirani akaitika. "Nipe koti!"

Secilia alimpa koti. Alimpa likiwa ndani nje, lakini Kristian hakuona, alikuwa anatafuta kiatu cha pili.

* * *

Kwa Rubeni siku hiyo kulikuwa na furaha ya wiki nzima iliyokuwa inawasubiri. Jumapili binti yao Loveness angepata kipaimara. Gauni jeupe lilikuwa limening'inia msumarini, limefunikwa kanga lisipate moshi. Mkewe Yudith alikuwa anamfumua binti nywele, Rubeni anakunywa uji, na jogoo yuko chini ya tenga akisubiri karamu asiyojua kwamba ni yake.

Kristian aliingia uani na Athumani, mgambo wa kijiji, mwenye rungu na koti la mvua siku isiyo na mvua. Kristian hakusema hata "onga maundo". Hapo Yudith akajua pameharibika, maana kwetu sisi hata anayekuja kukutukana hukusalimu kwanza.

"Funua tenga," Kristian alisema.

Loveness akafunua. Meja akatoka, akajikung'uta, akamwangalia Kristian kwa jicho moja, akakohoa.

"Umeona? Amenisalimia!" Kristian alimgeukia Rubeni. Hawa wawili walichunga mbuzi pamoja utotoni, wakapigwa fimbo pamoja shuleni. "Rubeni. Jogoo huyu umempata wapi?"

Rubeni aliweka kikombe chini. Alimtazama jogoo, akamtazama Kristian tumboni, pale mkono wake ulipokuwa umeshika mshono.

"Kaka, mimi sikumwiba."

"Sijakuuliza kama umeiba. Nimekuuliza umempata wapi."

"Hilo silijibu."

"Hulijibu?"

"Silijibu, kaka."

"Basi imekwisha," Athumani akasema, akatoa kamba mfukoni kwa furaha ya mtu ambaye kamba yake haijatumika siku nyingi. "Asiyejibu ni mwizi. Ndiyo sheria."

"Sheria gani?" Yudith aliuliza, kitana bado mkononi.

"Sheria, mama. Kwani sheria iko ngapi?"

Alimfunga Rubeni mikono, akajaribu kumfunga na jogoo miguu, jogoo akamdonoa. Wakashuka na njia ya bombani, Rubeni mbele, Athumani nyuma na Meja kwapani, Kristian akifuata. Wanawake waliokuwa wanateka maji wakageuka wote pamoja, ndoo zikafurika hakuna anayeziona. Mmoja akasema, "Ee, leo kwaya inaimbia kituoni?" Wakacheka chinichini. Rubeni aliimba besi miaka mingi mbele ya wanawake hao hao, na siku hiyo alitamani sauti yake ingekuwa nyembamba, asijulikane.

* * *

Kituoni zamu ilikuwa ya Afande Maryam, mtu wa Tanga mjini, aliyevaa sweta mbili chini ya sare na bado anasugua viganja. Alimtazama Athumani, akatazama kamba.

"Mfungue."

"Afande, huyu ni mwizi wa..."

"Mfungue kwanza. Nani kasema ni mwizi? Mahakama imekaa lini, mbona mimi sikualikwa?" Akamgeukia Rubeni. "Shikamoo, baba."

Rubeni aliinua kichwa. Tangu asubuhi hakuna aliyempa hata nusu ya salamu. "Marahaba, mwanangu."

"Umeambiwa kwa nini umekamatwa?"

"Nimeambiwa nifunue tenga."

"Basi nakwambia mimi. Unatuhumiwa kuiba jogoo wa Bwana Kristian, huyu hapa anayenidonoa buti. Una haki ya kujibu na una haki ya kunyamaza. Ukisema, nitaandika uliyosema. Ukinyamaza, nitaandika kwamba umenyamaza. Hakuna wa kukupiga hapa ili useme." Macho yake yalipita juu ya rungu la Athumani. "Hakuna."

"Jogoo sikumwiba. Nilimpata wapi, hilo silisemi."

Kristian akaruka. "Andika hapo! Mtu mwema anaficha nini?"

"Mzee, kuficha siyo kuiba. Wewe nyumbani huna unachomficha mkeo?"

Kristian alibana mfuko wa koti. Mfukoni mwake alikuwa na kitumbua alichokatazwa na daktari.

Yudith alipofika na uji kwenye chupa, Athumani alikuwa mlangoni. Akamvuta pembeni. "Mama Loveness, dhamana hapa ni mambo ya kuelewana. Ukimtafutia afande soda, na mimi soda, mambo yanakuwa laini."

"Sina hela ya soda, mdogo wangu. Na afande na baridi hii anakunywa soda?"

Sauti ikatoka ndani: "Afande hanywi soda! Mama, pita. Dhamana haiuzwi. Ni haki yake, na kosa hili lina dhamana. Niletee mtu mmoja wa kumdhamini, mwenye kitambulisho na makazi yanayojulikana. Basi."

Athumani akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa kandambili.

* * *

Mtu mmoja! Neno dogo hilo. Yudith alilibeba kijiji kizima.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa na kikao. Kikao chenyewe alikuwa nacho peke yake, kivulini, na bakuli la makande. Shemeji yake Rubeni alikuwa na kitambulisho lakini hajui kilipo, na alipokiona akasema kimefutika. Mwinjilisti Edward alimkaribisha kiti, akamwombea kwanza, halafu akasema:

"Mama Loveness, kanisa haliwezi kumdhamini mtu mwenye... jambo. Utuelewe. Na Jumapili, wazazi wanaposimama nyuma ya watoto kuwawekea mkono begani, ni vizuri Baba Loveness akae nje kidogo. Mpaka ajisafishe."

"Ajisafishe na nini, mwinjilisti?"

"Athibitishe kwamba hakuiba."

"Wewe unaweza kuthibitisha kwamba hukumwiba?"

"Mimi? Mimi nimwibe jogoo?"

"Thibitisha."

Mwinjilisti alifungua Biblia, akaifunga. Yudith akainuka, akamshukuru kwa maombi.

Aliyekubali ni Zakia, muuza plamu pale sokoni, Mwislamu, wala si ndugu. Alikuwa anapanga mafungu. Alisikiliza kisa bila kunyanyua kichwa, halafu akafunika plamu zake kwa gunia.

"Twende."

"Dada, hata hujaniuliza kama aliiba."

"Nikuulize wewe, ulikuwepo? Mimi ninachojua, siku ya mvua ile tenga langu lilikatika mshikio, Rubeni alilibeba mpaka barabarani. Hakula hata plamu moja. Nilizihesabu, mwenzangu, mimi simwamini mtu bure. Twende kabla sijabadili mawazo."

Hivyo Rubeni akatoka kabla jua halijazama. Jogoo hakutoka.

"Wewe dhamana unayo," Afande Maryam alimweleza, kalamu sikioni. "Huyu hana. Huyu ni kielelezo, anakaa hapa mpaka Ijumaa mahakamani. Athumani, kielelezo kikipungua hata unyoya, utakieleza wewe."

Meja akawika alfajiri ile, na ile iliyofuata, chini ya dirisha la Athumani aliyepewa kumlinda. Siku ya tatu Athumani alikuwa na macho mekundu kuliko upanga wa jogoo.

* * *

Nyumbani, kunyamaza kwa Rubeni kulikaa mezani kama mgeni asiyeaga. Yudith alikula naye, akafua nguo zake, akamkunjia blanketi. Jumatano hakuweza tena.

"Ulirudi naye Jumapili iliyopita kutoka Mponde, ulipokwenda kumwona dada yako. Ukaniambia zawadi ya mtoto, usiniulize. Sikuuliza. Sasa nauliza. Jogoo ulimpata wapi, Rubeni?"

"Nimeahidi mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

"Ni mwanamke?"

Rubeni akanyamaza. Palikuwa mahali pabaya sana pa kunyamazia.

"Aha!" Yudith alisema. "Sasa hata mimi nataka ufungwe."

"Mke wangu..."

"Usiniite. Una haki ya kunyamaza, nyamaza! Afande kakufundisha vizuri." Akanyanyua sufuria tupu akaiweka palepale ilipokuwa. Kisha sauti ikashuka. "Jumapili mtoto anapiga magoti kule mbele. Wenzake wote wana mikono miwili begani, wa baba na wa mama. Nitaweka yangu yote miwili? Niambie."

"Nitakuwepo."

"Utakuwepo wapi? Nje na mbwa wa mlinzi?"

Kabla hajajibu, hodi ikapigwa. Alikuwa Secilia, mke wa Kristian mwenyewe, na kikapu cha maharage mabichi. Alisimama mlangoni kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa.

"Nimewaletea mboga," alisema.

Yudith alimtazama. "Mumeo anatupeleka jela, wewe unatuletea mboga?"

"Ni changa. Zinaiva upesi." Secilia aliangalia chini. "Shemeji, unaendeleaje?"

"Salama, shemeji," Rubeni alijibu. "Na kaka, mshono wake?"

"Hajaenda kutolewa nyuzi. Anasema hana nafasi, ana kesi." Akakunja ncha ya kanga. "Anakasirika mchana kutwa. Naogopa utafunguka. Ameshika tumbo na huku anapiga kelele."

"Basi tumwombee," Rubeni akasema.

Secilia akaweka kikapu, akaondoka haraka mpaka kanga ikamdondoka njiani. Yudith aliiokota, akabaki ameishika, akimtazama mumewe. Tangu hapo alianza kufikiri.

* * *

Ijumaa mahakama ya mwanzo ilijaa. Watu walioacha kuchuma chai walisema wamekuja kwa shughuli nyingine, ila shughuli yenyewe hakuna aliyeitaja. Secilia alikuja kwa miguu pamoja na wanawake. Kristian alikuwa ametangulia na bodaboda. Jogoo alikuwa ndani ya tenga juu ya meza, karibu na muhuri.

Hakimu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, ya aina ile inayofanya watu wasogee mbele. Alimsomea Rubeni shtaka polepole, akamuuliza kama amelielewa, akamuuliza kama ni kweli.

"Si kweli, mheshimiwa."

"Vema. Mlalamikaji."

Kristian akapanda kizimbani, akaapa, akaeleza kuhusu Meja: alivyomlea tangu kifaranga, alivyomlisha mahindi kwa mkono, anavyokohoa. Meja naye akakohoa. Watu wakaangua kicheko, karani akapiga meza.

"Mheshimiwa, muulize huyo," Kristian akamaliza, kidole kikimwelekea Rubeni. "Aseme alimpata wapi. Asiposema, mfunge."

"Bwana Kristian, ngoja." Hakimu aliweka kalamu chini. "Wewe umekuja hapa unasema huyu ni mwizi. Basi kazi ya kuonyesha wizi ni yako na ya polisi. Siyo yake. Yeye mpaka dakika hii ni mtu safi kama wewe na mimi. Akitaka kusema atasema, akinyamaza simfungi kwa kunyamaza. Nitamfunga kwa ushahidi, kama upo, tena usioniacha na shaka. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mheshimiwa. Ila jogoo ni wangu."

"Kwamba jogoo alikuwa wako nimekubali, hata mwenyewe amekohoa. Nataka kujua aliibwa vipi."

Umeliona gunia sasa, lile la kuthibitisha, na nani aliyelibeba? Nilikwambia utaliokota njiani. Mazinde nimeshaizoea, siirudishi.

"Banda lako lina mlango?" hakimu aliuliza.

"Lina mlango na kufuli."

"Kufuli ilivunjwa?"

"Haikuvunjwa."

"Ubao uling'olewa? Paa?"

"Hapana. Nililikuta limefungwa vizuri."

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Kiunoni kwa mke wangu. Haumtoki hata akilala."

Chumba kizima kikageukia benchi la wanawake. Mtu mmoja nyuma akasema "Mh!" na karani hakumkemea, kwa sababu naye alikuwa amesema.

"Basi nijibu," hakimu alisema. "Nani alifungua banda?"

Kristian alitazama dari. Alitazama jogoo. "Mheshimiwa, mimi nilikuwa hospitali nimepasuliwa."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui."

"Mshtakiwa, una haki ya kumuuliza shahidi maswali. Unalo?"

Rubeni akasimama. Yudith alijikuta amesimama pia, akavutwa na Zakia akae.

"Ninalo moja, mheshimiwa." Aligeuka. "Kaka Kristian, mshono unaendeleaje?"

Kicheko kikapasuka tena. Hakimu alikunja uso. "Swali hilo linahusianaje na kesi?"

"Linahusiana sana, mheshimiwa."

"Jibu, Bwana Kristian."

Kristian alishangaa, lakini ugonjwa wake alipenda kuusimulia kuliko hata jogoo. "Unaendelea vizuri! Nimepita zahanati asubuhi hii, wametoa nyuzi zote. Daktari amebonyeza hapa na hapa. Amesema umepona, sasa naweza hata kubeba gunia."

"Umepona kabisa?"

"Kabisa!"

"Ashukuriwe Mungu," Rubeni alisema. "Sina swali lingine."

Akakaa. Hakumtazama mtu. Lakini kwenye benchi la wanawake Secilia alikuwa tayari amesimama, na mkono wake uko kiunoni, pale penye ufunguo.

"Mheshimiwa, naomba kujibu lile swali la banda."

"Wewe ni nani?"

"Mke wa mwenye jogoo."

Wakamwapisha. Kristian akamwita jina, karani akapiga meza.

"Nilifungua mimi," Secilia alisema. "Siku anapelekwa kupasuliwa nilipiga magoti pale koridoni. Nikamwambia Mungu, huyu ukimrudisha mzima, nitakutolea kitu anachokipenda kuliko vyote nyumbani. Akatoka mzima. Nikampeleka Meja kanisani kule Mponde, ambako hakuna anayenijua, nikamweka na sadaka za mavuno. Baada ya ibada wakanadi kama kawaida, mahindi, maboga, na kuku. Rubeni ndiye aliyemnunua, hajui hata ni jogoo wa nani, maana alikuwa amelala tengani kimya. Nikamkimbilia mlangoni. Akataka kunirudishia, nikakataa, sadaka hairudi nyumbani. Nikamwapisha mkono wake uko juu ya kitabu cha nyimbo, asiseme kwa mtu yeyote, hata mkewe, mpaka mshono wa mume wangu upone. Daktari alisema akikasirika unafunguka, na mimi mume wangu namjua." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Nilidhani atamchinja siku ileile. Sikujua anangoja kipaimara. Dada Yudith, nisamehe. Kila nikija kwako kusema, nilikuwa nauona ule mshono."

Yudith alikuwa analia na kucheka, akimpiga Zakia mgongoni badala ya mumewe aliyekuwa mbali.

Kristian alishika ukingo wa kizimba kwa mikono yote miwili. Tumbo lake, kwa mara ya kwanza, hakulishika.

"Secilia," alisema polepole. "Mke wangu. Nyumba nzima ile. Kuna mbuzi, kuna redio, kuna baiskeli. Kwa nini Meja?"

Secilia alifikiri. Alikuwa ameapa kusema kweli, na kweli akaisema.

"Kwanza nilidhani kitu unachokipenda kuliko vyote ni mimi, baba. Nikakaa pale koridoni nikajiuliza vizuri, nikakumbuka nani anayelishwa mahindi kwa mkono. Nikaenda kufungua banda."